Nyuma ya Mama Mkwe, kwa Heshima Zote

Jumatatu, 3 Juni. Melini.

Bado bahari. Jana bahari, leo bahari. Kila kitu kinayumba polepole, hata mawazo yangu. Nimelala baada ya chai, nikalala tena baada ya chakula cha mchana, na katikati ya usingizi na usingizi nimepata mpango. Mpango mkubwa! Nauandika kabla haujaniponyoka.

Kwanza hali ilivyo. Tuko watano: mimi, mke wangu, dada yake, mume wa dada yake, na mama yao, yaani mama mkwe wangu. Kaka yao ni mpishi humu melini, ndiye aliyetupatia vyumba, vya chini kabisa, jirani na injini. Ni safari ya kumliwaza mama tangu baba mkwe afariki. Hiyo ndiyo sababu inayosemwa mezani. Sababu ya pili haisemwi, ila kila mtu anaijua: mama hawezi tena kuishi peke yake, na kabla hatujafika nyumbani atasema anahamia kwa binti yupi.

Mke wangu anamtaka mama yake. Anamtaka mpaka analengwalengwa na machozi akikunja nguo. Siku tuliyofunga masanduku aliniambia kwa upole kwamba mama akienda kwa dada yake, hatanilaumu. Upole ule ulinitisha. Namjua. Akisema hatanilaumu, nimekwisha.

Mshindani wangu ni mwanyumba. Tumeoa ndugu wawili, yeye kamuoa mkubwa, mimi mdogo, na tangu siku ya harusi yangu hajaacha kunipigapiga begani kana kwamba yeye ndiye aliyenipasisha mtihani. Anauza mabati. Ana chumba cha wageni chenye bafu lake na televisheni kubwa kama mlango. Mimi nashona mapazia. Chumba pekee nilicho nacho cha kumpa mama ndicho ninachokatia vitambaa, na hata paka akiingia humo hutoka na pini.

Lakini keshokutwa! Keshokutwa meli inatia nanga siku moja katika mji ambao mama aliishi mwaka wake wa kwanza wa ndoa. Baba mkwe alikuwa mpaka rangi wa meli hapo bandarini. Leo mezani mama kasema, bila kumtazama mtu, kwamba angependa kukiona tena kile chumba chao cha ghorofani kabla macho yake hayajamwacha. Basi, akarudi kwenye supu yake.

Mwanyumba akadakia. Eti keshawaandikisha wote kwenye basi la watalii, lenye mtembezaji na kibendera cha njano. Mimi kufuata bendera? Kama bata? Nikajipiga kifua. Nikasema mama nitampeleka mwenyewe, kwa miguu, kwani bandari zote ni moja: maji chini, mji juu. Mke wangu akanikanyaga chini ya meza. Mama akatabasamu, akasema haya, mkwe wangu, nitakwenda nawe.

Njia siijui. Lakini mama anaijua! Ameishi pale! Kazi yangu ni kutembea nyuma yake, kama inavyompasa mkwe mwenye adabu, na mwisho kupokea sifa. Nashangaa hakuna aliyewahi kuligundua hili.

Jumanne, 4 Juni. Melini.

Kiyoyozi cha chumbani kimenitia kikohozi. Si kikubwa. Kile kikavu, cha kuja na kwenda.

Mwanyumba kanunua darubini. Kutwa kaivaa shingoni na kutuonyesha bahari, kana kwamba sisi hatuioni. Halafu kambandika mama stika ya njano kwenye mkoba, yenye jina lake na namba ya basi. Nimesubiri mama asinzie kwenye kiti cha sitahani, nikaibandua taratibu. Imegoma kutoka kidoleni. Nikaipangusa kwenye suruali, ikakaa kwenye suruali. Nimetembea nayo makalioni hadi chakula cha jioni, na mtembezaji akanikaribisha basini kwa jina la mama mkwe.

Nimekwenda jikoni kula njama na shemeji mpishi. Nimemwomba kesho atutoe mapema, kupitia mlango wa mboga, kabla mwanyumba hajaamka na darubini yake. Kauliza kwa nini. Nimemwambia ni siri ya familia. Akaniambia yeye pia ni familia. Nikamwambia ndiyo maana namwomba.

Alasiri nimefanya mazoezi ya kutembea nyuma ya mtu kwa heshima. Nimemfuata bibi mmoja mgeni sitaha nzima. Kanishtaki kwa mlinzi.

Jumatano, 5 Juni. Asubuhi, bandarini.

Tumetoka! Mlango wa mboga, kati ya makreti ya vitunguu. Mama kajifunga kitambaa chake cheupe kichwani, kavaa viatu vya kitambaa, na mkoba mdogo mkononi. Nimemwamkia upya, shikamoo mama, maana safari rasmi inahitaji salamu rasmi. Akaitikia marahaba, mkwe wangu, tangulia. Nikasema hapana mama, tangulia wewe. Akasema wewe ndiye mwenyeji wa bandari zote. Anatania! Nikainama na kunyoosha mkono mbele. Akasitasita kidogo, akatangulia.

Naandika nikiwa nimeegemea nguzo ya gati, mama ananunua maji. Miguu yangu bado iko baharini. Nchi kavu inapanda na kushuka. Ukungu mwembamba umeufunika mji, na madirisha yanatokea moja moja, kwanza ya juu, halafu ya chini. Nahesabu mapazia, sijizuii. Hapa wanapenda mapazia mepesi. Upepo kidogo tu, mtaa mzima unavuta pumzi.

Jumatano hiyohiyo. Mchana, juu ya ngazi.

Mama ni hodari! Nakiri sikutegemea. Miaka yote hiyo, na bado kichwani ana ramani. Anakwenda pole pole, katikati ya njia, mkoba mkononi, nami hatua chache nyuma. Kwenye kila kona husimama. Haangalii kulia wala kushoto. Anatulia tu, kama anayesikiliza. Halafu, baada ya kukaa kidogo, ghafla anageuka na kwenda zake, bila wasiwasi.

Sijamuuliza kitu. Mama mkwe haulizwi njia kama kondakta. Nimekohoa tu pale vumbi lilipozidi.

Tumepita mtaa wa mafundi saa, saa zote zinasema tofauti, na hakuna anayejali. Tumepita uwanja mdogo wenye chemchemi iliyokauka na kinyozi mmoja mlangoni akiwa na wembe na hana mteja. Katuinamia kichwa. Tumepita uchochoro ambamo mashuka yameanikwa juu toka upande hadi upande, na mwanga chini yake ulikuwa mweupe na laini, nikahisi ninatembea ndani ya kazi yangu mwenyewe. Mama kainua mkono, kayagusa mashuka moja moja kwa vidole akipita. Sijapata kuwa na asubuhi kama hii. Nilisahau kabisa kumchukia mwanyumba, labda kwa nusu saa.

Halafu mama kasimama mbele ya nyumba ya ghorofa moja, ngazi kwa nje, mlango wa juu wazi. Kaitazama. Mvuke ulikuwa ukitoka mlangoni, ukaniingia kooni, nikakohoa. Mama akaanza kupanda ngazi papo hapo.

Juu kuna mwanamke mmoja mpiga pasi. Chumba kimoja, meza ndefu, mashati ya watu yamening'inia kila mahali. Alidhani tumeleta nguo. Mama kamsalimia, kaangalia dirisha, kaangalia dari, kisha kanigeukia na kuniangalia uso wangu, kwa muda mrefu kidogo. Nilikuwa nimelowa jasho chapachapa. Akasema, ndipo hapa, mkwe wangu. Umenifikisha.

Nilitaka kupiga vigelegele. Nimejizuia kwa sababu ya mashati.

Mpiga pasi kamvutia kiti dirishani. Mama kakaa, kaweka mkoba mapajani, katazama nje, na baada ya muda kichwa kikaegemea fremu. Amelala. Mimi nimetoka kukaa huku kwenye ngazi, maana si adabu mkwe kukaa chumbani anapolala mama mkwe. Nasikia pasi ikiteleza. Inakwenda, inarudi, inapumzika. Harufu ya pamba yenye maji na joto. Paka kanipita bila kunitazama. Nadhani nami nilisinzia, maana nilimwona baba mkwe akipanda ngazi na ndoo ya rangi, kijana kuliko mimi, akaniomba nimpishe. Nikampisha.

Dirisha lile halina pazia! Aibu. Nimechungulia na kulipima kwa shubiri kutoka mlangoni, kwa macho. Nitamshonea mama pazia la dirisha hili, alitundike chumbani kwake, kwangu. Mwanyumba atampa bafu. Mimi nitampa ujana wake! Mpango huu unazidi kunona.

Jumatano. Jioni, melini.

Nusura meli ituache.

Tulikuwa tungali kule juu honi ya kwanza ilipolia. Ya tatu ikilia, ngazi ya meli inapandishwa, na asiyekuwamo anabaki na mji wake. Mama kaamka, kamshukuru mpiga pasi, kamshika mikono yote miwili. Tukashuka. Nikanyoosha mkono: tangulia, mama.

Katangulia. Kona ya kwanza, kasimama. Nami kikohozi kimenibana. Kulia. Kushoto. Kushoto tena. Nikamwona yule kinyozi. Katuinamia kichwa. Tukaendelea. Mafundi saa, mashuka, kinyozi. Safari hii katupungia wembe. Nikajiambia mama anapitia njia ya mkato. Mara ya tatu kinyozi alikuwa keshatuwekea viti viwili nje.

Honi ya pili! Akilini nikamwona mke wangu, aliyebaki melini, yuko sitahani akitafuta kitambaa cheupe cha mama yake gatini, na asikione. Nikasikia sauti yake ikiniambia hanilaumu. Nilitaka kulia hapohapo, mbele ya kinyozi. Hata hapo nilishindwa kufungua mdomo na kumuuliza mama kama njia imempotea. Utamwambiaje mama mkwe hivyo, siku aliyokiona chumba chake?

Basi, tukiwa tumesimama kwenye chemchemi, likapita kundi. Watu wameungua jua, wana mikoba, wana stika. Mbele yao kibendera cha njano. Mwishoni mwao darubini, na chini ya darubini mwanyumba. Basi lao liliharibika, wakaambiwa watembee. Mama akawaona, akajiunga nao nyuma kabisa, kimyakimya, kama anayeingia kwenye foleni ya mkate. Mimi nikamfuata mama.

Naandika wazi isije ikapotoshwa baadaye: sikufuata bendera. Nilimfuata mama mkwe. Nani alimfuata nani mbele yake, hayo hayanihusu.

Mwanyumba kageuka, katuona, kanipigapiga begani. Ananiuliza kama nimepotea. Nimemwambia sisi tulikuwa tunarudi. Honi ya tatu ilitukuta juu ya ngazi ya meli, mama mbele, mimi nyuma. Mke wangu kanikumbatia mpaka nikakohoa. Halafu kanifinya.

Alhamisi, 6 Juni. Melini.

Ushindi! Ushindi! Naandika kwa herufi kubwa moyoni.

Asubuhi mwanyumba alianza kwa kishindo. Kaeleza walivyoonyeshwa mnara, ngome, na duka la kumbukumbu. Kaeleza kwamba mtembezaji kawaambia majengo ya zamani ya wafanyakazi wa bandari yalikuwa papo hapo gatini, yakabomolewa zamani kupisha uwanja wa makontena. Eti meli yetu ilifungwa mbele ya mlango wa mama! Kacheka peke yake. Dada mtu akamwambia ale.

Mama kanywa chai yake hadi chini. Halafu kasema anahamia kwa binti mdogo.

Kijiko cha mwanyumba kilianguka. Kauliza, kwa heshima lakini kwa uchungu, ni kwa nini, wakati yeye ana bafu. Mama kasema hana ugomvi na bafu. Kasema, huyu mkwe wangu, akinipoteza, tunapotea wote.

Mke wangu kaangua kilio, cha furaha, kwenye mkate. Mimi nimejibu kwa unyenyekevu kwamba nimetimiza wajibu tu. Nimeelewa vizuri mama alichomaanisha: anasifu uongozi wangu. Mwanyumba nimempigapiga begani. Miaka yote nimeingoja siku hii, na bega lake ni laini kuliko nilivyodhani.

Jumapili, 9 Juni. Nyumbani.

Tumefika juzi. Nimehamishia reli za mapazia na vitambaa ukumbini. Pini nimeokota zote nilizoziona. Mama kaziona nyingine.

Nimeshona pazia lile. Kitambaa cheupe chepesi, pindo la mkono. Nimelitundika. Dirisha langu ni dogo kuliko la kule, kwa hiyo pazia limeshuka hadi sakafuni na kutambaa kidogo kuelekea kitandani. Mama kalishika kwa vidole, kama alivyoyagusa yale mashuka. Kasema ni zuri mno. Kasema nisilikate.

Nilipokuwa nakunja vitambaa, mke wangu kanifuata ukumbini, kafunga mlango, kaniambia kuna jambo. Kaanza kucheka, akashindwa kuendelea, akaanza upya. Eti mama kamsimulia. Eti mama hakuijua njia hata kidogo! Mwaka ule alikuwa mwari, baba mkwe anatoka alfajiri na kurudi jioni, naye hatoki, mji wote kauona dirishani. Alikuja ndani ya gari lililofungwa, akaondoka hivyohivyo. Nyumba ile anaijua kwa ndani tu. Kwa nje hajui hata ilikuwa rangi gani.

Nikamuuliza, sasa nani alikuwa akituongoza? Kasema mimi. Eti mama alijua ninaongoza kwa nyuma, kwa adabu, na nikitaka ageuke nakohoa. Kikohozi kimoja kulia, viwili kushoto. Na pale kwenye ngazi nilikohoa, akapanda. Dirisha la kweli lilitazama maji na hili lilitazama uchochoro, lakini aliniona nilivyochoka akanionea huruma. Akasema ndipo.

Mke wangu kaacha kucheka hapo. Kakaa juu ya kitambaa nilichokikata. Kasema mama alimwambia kwamba mwaka mzima aliutamani ule mji, ashuke tu, atembee katikati ya njia, aguse vitu. Baba mkwe aliahidi kumtembeza, kazi zikamzidi, wakahama. Safari hii ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuukanyaga. Kasema hakuwa ameishi siku tamu hivyo tangu amzike mumewe, na angetamani kumpita yule kinyozi mara nyingine tena. Halafu mke wangu kanishika uso, kaniambia asante.

Nimeguswa. Sitaki kuficha, macho yalinilowa, na nilikwenda kujifanya natafuta mkasi.

Lakini nimelala nalo, nimeamka nalo baada ya usingizi wa mchana, na naona halisimami. Mtu asiyejua njia hawezi kugeuka vile! Nilikuwepo. Niliona kisogo chake, kilikuwa kisogo cha mtu anayejua. Mama ni mnyenyekevu tu, anataka sifa zote ziwe zangu. Na habari za kubomolewa zimetoka kwa mwanyumba, ambaye alikuwa ndani ya basi bovu. Nimesamehe wote.

Jumamosi, 15 Juni. Kwenye benchi.

Leo nimemtoa mama matembezi mafupi, kununua uzi mweupe wa pindo. Duka ni la pili baada ya kona yetu. Mama kapenda tutoke wawili tu. Kajifunga kitambaa chake, kachukua mkoba. Nikanyoosha mkono mbele. Kanitazama, kacheka kimya kimya mpaka mabega yakatikisika, akatangulia.

Tulitoka asubuhi. Sasa vivuli vimekuwa virefu. Hapa kuna ukuta mrefu wa buluu, mti mmoja, na nyumba ambazo sijaziona maishani mwangu. Mapazia yao ni mazito, yenye vishada. Mtaa umetulia. Mama kala karanga zote, anatazama madirisha, anapumua taratibu. Duka hili la uzi lazima liwe zuri sana kama ameamua kulifuata mbali hivi.

Mwuza magazeti kapita, katuuliza tunakwenda wapi. Kwa adabu nimemwambia amuulize mama. Mama kamwambia amuulize mkwe wake. Mwuza magazeti kaondoka haraka. Watu wa mitaa hii hawajui heshima ilivyo.

Wiki ijayo nitamwalika mwanyumba aje na darubini, ajifunze. Mama kasimama, kajikung'uta maganda. Tunaendelea. Vumbi limenipata, nimekohoa kidogo, mara mbili.

Kageuka kushoto, bila kusita. Anaijua njia!